Je, Wajua? Vitafunio vya Jibini, Unga wa Dukani na Kazi ya Maji

Je, wajua kwamba kinachoinua pestri ya matabaka si hamira wala beking pauda, bali maji?

Hii ni ile pestri inayouzwa ikiwa imegandishwa, mabapa mabapa ndani ya boksi. Unaikata vipande, unaitia jibini, unaipeleka kwenye oveni, na nusu saa haiishi wageni wanakula. Ndani yake kuna unga wa ngano, chumvi, mafuta na maji, basi. Kiwandani unga husukumwa, hutandazwa mafuta, hukunjwa sehemu tatu, husukumwa tena, hupumzishwa kwenye baridi, kisha hukunjwa upya. Kila mkunjo huzidisha matabaka mara tatu, na ukifika mkunjo wa 6 yamekuwa matabaka 729. Sasa moto ukiyapata maji yaliyomo ndani ya unga, yanageuka mvuke, na mvuke hutaka nafasi takriban mara 1,700 ya ile yaliyokuwa nayo maji. Mafuta yameuzibia njia. Hauna pa kutokea ila kwa kulinyanyua tabaka lililo juu yake, nalo linalinyanyua la juu yake, mpaka bapa la nusu sentimita linasimama kimo cha vidole vitatu.

Ukilijua hilo, maagizo yote ya kwenye boksi yanapata maana. Oveni iwe imeshapata moto wa nyuzi 200 hadi 220 za Selsiasi kabla trei haijaingia, kwa sababu kwenye moto wa vuguvugu mafuta huyeyuka na kuchuruzika kabla mvuke haujapata nguvu. Kisu kiwe kikali na kishuke moja kwa moja. Kisu butu huzibana kingo zikashikana, na upande ulioshikana haupandi. Yai la kupaka lipakwe juu tu. Likimwagikia ubavuni huyagandisha matabaka, na kitafunio kinainuka upande mmoja. Na mlango wa oveni usifunguliwe dakika kumi za mwanzo, hata kama harufu inakuita.

Je, wajua kwa nini pestri ya siagi ni mtihani kwa mpishi wa Dar es Salaam au Mombasa? Siagi huyeyuka kati ya nyuzi 32 na 35, na huanza kulegea mapema zaidi. Mchana wa Januari na Februari, joto la Dar hufika nyuzi 32 nje, na jikoni kwenye jiko linalowaka hupita hapo. Maana yake siagi inaweza kulowea ndani ya unga ukiwa bado mezani, na matabaka yakiungana hayatengani tena. Ndiyo maana pestri nyingi za viwandani hutumia majarini iliyotengenezwa ivumilie joto la juu zaidi. Kwa ladha, siagi haina mpinzani. Lakini kwa mwenye kuoka saa nane mchana bila kiyoyozi, majarini ni uamuzi wa busara, na sioni sababu ya kuuonea haya. Anayetaka siagi na aoke alfajiri, atoe kwenye friji bapa moja moja, na akiona linalegea mkononi alirudishe kwenye baridi robo saa.

Je, wajua aliyeutia unga kwenye kopo? Ni mwoka mikate wa Louisville, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, aliyeitwa Lively Willoughby. Kusini mwa Marekani kuna vimkate vidogo vinavyoumuliwa kwa beking pauda, na kila asubuhi mama wa nyumba alilazimika kuvikanda upya. Willoughby alitaka vikae kwenye baridi vikiwa vimeshakandwa na kukatwa. Taabu ni kwamba unga wenye beking pauda hauachi kutoa gesi. Makopo yake ya mwanzo yalipasuka. Hataza ilipatikana mwaka 1931, na kampuni ya Ballard & Ballard ya mji huohuo ikaanza kuviuza. Mwaka 1951 Ballard & Ballard ilinunuliwa na Pillsbury, kampuni ya kusaga unga iliyoanzia Minneapolis mwaka 1869.

Werevu wa kopo lile ni kwamba gesi haizuiwi, inatumiwa. Unga ukifungwa huvimba taratibu, ukaifukuza hewa iliyobaki, mwisho ukajaza kopo lote na kujibana wenyewe. Bila hewa, wadudu wengi wa kuharibu chakula hawapati nafasi. Mlio wa "po!" unaosikika kopo likifunguliwa ni shinikizo hilo likiachiwa. Mnamo 1965 mwandishi wa matangazo Rudy Perz, wa kampuni ya Leo Burnett ya Chicago, aliubunia unga huo kikaragosi cha mtoto mweupe mwenye kofia ya mpishi anayechomoza kopo likipasuliwa. Kwa baadhi ya Wakenya wanaoishi Minnesota, kopo la namna hiyo ndilo njia ya mkato wakitaka kitu cha moto siku ya theluji: wanafungua, wanabandua pembetatu, wanaweka kipande cha jibini na pilipili ya kuwasha, wanavingirisha, wanaoka.

Kwetu, unga wa kununua una historia yake, na haukutoka kiwandani.

Je, wajua manda za sambusa hutengenezwaje? Vidonge vidogo vya unga husukumwa, hupakwa mafuta, hunyunyizwa unga mkavu, hubandikwa viwili viwili au vinne kwa pamoja, kisha husukumwa tena mpaka liwe bapa moja jembamba. Bapa hilo huwekwa kwenye chuma chenye moto mdogo, muda mfupi tu, lisije likababuka. Hapo tena maji yanafanya kazi: mvuke hujipenyeza kwenye mafuta katikati ya bapa na kuyatenga. Kisha manda hubanduliwa moja moja zingali za moto, na anayezibandua ni kwa vidole vyake. Zinakatwa vipande virefu, zinafunikwa kitambaa chenye unyevu, zinafungwa kwenye mfuko.

Nalisema hili kwa kukusudia, kwa sababu watu husifu pestri ya boksi kuwa uvumbuzi na kuiona manda kuwa kitu cha kubembelezea bei. Mama wa Mombasa au Unguja anayeuza manda Ramadhani amefanya sehemu ngumu yote ya chakula chako: kukanda, kusukuma, kupika nusu, kubandua. Wewe umebakiwa na kujaza na kukunja. Mpe bei yake.

Na manda si lazima ikaangwe. Kwa kuwa imeshapita kwenye chuma, maji yake mengi yametoka, kwa hiyo hukauka upesi kwenye oveni na kuwa ngumu ya kupasukia mdomoni. Kunja pembetatu zako na jibini iliyokunwa, kitunguu cha majani na pilipili manga. Ziba kwa uji mzito wa unga. Paka mafuta pande zote mbili kwa brashi, kwa sababu manda isiyopakwa hukauka bila kuiva rangi. Nyuzi 200, dakika 12 hadi 15, ukigeuza mara moja. Usijaze sana. Jibini ikichemka huvimba, na pembe iliyozibwa vibaya hufunguka, jibini yote ikaishia kwenye trei.

Asiye na oveni atumie njia ya wazee wa pwani ya kuoka kwa moto wa juu na chini: sufuria nzito, mfuniko wa bati, makaa machache chini na mengi juu. Wengine hutandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria ili moto wa chini usiunguze. Manda na vimkate vya hamira huiva vizuri hivyo. Pestri ya matabaka ni vigumu, kwa kuwa inataka moto mkali uliozunguka pande zote kwa wakati mmoja.

Je, wajua kwamba jibini ya kugandisha kwa ndimu haiyeyuki, hata ukiipikia wapi? Hili limewashangaza wapishi wengi wa nyumbani, waliochemsha maziwa, wakakamua ndimu au kutia siki, wakachuja, wakapata jibini nzuri nyeupe, wakaitia kwenye sambusa wakingoja ivutike. Haivutiki. Paneer ya Wahindi, inayouzwa sana Nairobi na Dar, ni ya ukoo huo. Protini kuu ya jibini, kaseini, katika jibini ya kimeng'enya kama cheddar au mozzarella hushikanishwa na kalsiamu. Moto ukipanda, mshikano huo hulegea kiasi, protini zinateleza na kuvutana, nasi tunaona nyuzi. Asidi ya ndimu huiyeyusha kalsiamu hiyo ikaondoka na maji ya maziwa, na moto wa kuchemsha umeshazibana protini kwa namna nyingine. Moto zaidi unazikaza tu. Si kasoro: paneer ikikatwa vipande vidogo, ikachanganywa na viungo na kuokwa ndani ya pestri, hubaki na umbo na hailowanishi unga. Ila usiitake ifanye kazi ya mozzarella.

Kulowanisha unga ndiko kunakoharibu vitafunio hivi kuliko kosa jingine lolote, na chanzo chake ni maji yaliyomo kwenye jibini yenyewe. Mozzarella mbichi, ile inayoelea kwenye maji yake, ina maji kiasi cha asilimia 60 ya uzito wake. Mozzarella ya pizza, iliyokaushwa kidogo, ina karibu nusu. Cheddar ina chini ya asilimia 40. Parmigiano Reggiano, ambayo kisheria haiuzwi kabla ya kukaa miezi 12, ina karibu asilimia 30. Ukifunga gramu 100 za mozzarella mbichi ndani ya unga, umefunga pia vijiko vinne vikubwa vya maji, na maji hayo yatapika chini ya kitafunio kwa mvuke huku juu kukiiva. Ndiyo maana mimi hupenda mchanganyiko: cheddar nyingi kwa ladha, mozzarella ya pizza kidogo kwa kuvutika. Nyanya, uyoga na mchicha vikaangwe kwanza maji yakauke, ndipo vikutane na unga.

Je, wajua kwamba maji ndiyo pia huamua rangi? Mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza mwaka 1912 jinsi protini na sukari zinavyogeuka kahawia na kutoa harufu zikipata moto. Mabadiliko hayo huenda kasi joto likifika karibu nyuzi 140. Lakini sehemu yenye maji haivuki nyuzi 100 mpaka maji yaishe, basi kitafunio chenye unyevu kitakaa kimepauka hata moto uwe mkali namna gani. Mwaka 2014, Bryony James wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, pamoja na wenzake walichapisha utafiti wa jibini kadhaa juu ya pizza. Mozzarella ilitoa malengelenge kwa sababu inavutika: mvuke huivimbisha, mafuta huteleza kutoka juu ya lengelenge, na sehemu iliyobaki wazi hukauka na kuiva kahawia. Cheddar haikutoa malengelenge kwa kuwa haivutiki vya kutosha. Gruyère ilitoa mafuta mengi, yakaifunika na kuzuia maji yasiondoke, ikakosa rangi.

Kuhusu jibini iliyokunwa tayari, neno moja tu: hupakwa wanga au nyuzi za mimea ili isigandane mfukoni, na kwa hiyo haiyeyuki laini kama ya kukuna mwenyewe. Kuna hapo dakika mbili za kazi. Kuna mwenyewe.

Je, wajua kwamba jibini ya pembetatu, ile ya kufungwa kwenye karatasi ya fedha, ilibuniwa ili jibini iweze kusafiri kwenye joto? Mwaka 1911, mjini Thun nchini Uswisi, Walter Gerber na Fritz Stettler waliyeyusha jibini pamoja na chumvi ya sitrati. Chumvi hiyo huishika kalsiamu, protini zikafunguka na kuyakumbatia mafuta na maji pamoja, yasitengane. Mmarekani James L. Kraft alipata hataza ya njia yake mwaka 1916, na Léon Bel wa Jura, Ufaransa, akaanza kuuza La vache qui rit mwaka 1921. Wapo wanaoidharau jibini hii. Katika oveni, hata hivyo, ina sifa ambayo jibini ya bei kubwa haina: haimwagi mafuta. Kwenye kitafunio kidogo kilichofungwa pande zote, hiyo ni sifa kubwa.

Ukitaka kuiona ikifanya kazi nenda Ghuba. Mezani kwa Waomani, wakiwemo wale wanaoongea Kiswahili Maskati, utakuta jibini ya kopo na jibini za pembetatu. Na utakuta kile kimkate cha asili ya Yemen kiitwacho khaliyat al-nahl: vidonge vidogo vya unga wa hamira, kila kimoja kimefichwa kipande cha jibini laini ya krimu, vimepangwa vikigusana kwenye sinia la duara mpaka vikiumuka vinafanana na sega la nyuki. Vikitoka kwenye moto humwagiwa shira. Chumvi ya jibini na utamu wa shira hupatana ajabu. Mwenye donge la unga wa mkate kutoka kwa mwoka mikate wa mtaani anaweza kukiandaa bila kukanda chochote, na kwa maoni yangu hiki ndicho bora kuliko vyote nilivyovitaja hapa.

Je, wajua kwamba kwenye milima ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, wafugaji hutengeneza jibini ya aina ya Gouda inayouzwa Goma na kwingineko Kongo? Ufundi huo ulifikishwa huko na wamisionari Wabelgiji. Kanuni yake ni ya hesabu nyepesi: lita 10 za maziwa hutoa takriban kilo moja ya jibini ngumu. Njia mbovu humwaga maziwa au huyachachusha kabla hayajafika mjini, jibini hufika. Gouda huyeyuka vizuri na haina maji mengi, na mpishi wa Goma, Bukavu au Kigali aliyekaribu nayo hana haja ya kutafuta ya Ulaya.

Je, wajua kwamba Wabrazili wanaoka vimkate vya jibini kwa muhogo? Pão de queijo, vya jimbo la Minas Gerais, havina ngano hata chembe. Unga wake ni wanga wa muhogo, na ule unaoumuka vizuri zaidi huachwa uchachuke ndani ya maji na kuanikwa juani. Jua lenyewe huubadilisha wanga, na ukikaushwa kwa mashine hauumuki vivyo hivyo. Watu wa Kanda ya Ziwa wanaovundika muhogo na kuanika udaga wataelewa mara moja, ingawa udaga ni muhogo mzima, si wanga uliochujwa. Ndani ya oveni, wanga huvutika mvuke ukiusukuma, na kimkate kinabaki na uwazi katikati.

Mwaka 1990, mjini Belo Horizonte, Maria Dalva Couto Mendonça na watoto wake walianzisha Forno de Minas, wakiuza vimkate hivyo vikiwa vibichi na vimegandishwa, tayari kwa oveni. Mwaka 1999 waliiuza kampuni kwa Pillsbury ileile ya makopo. Mwaka 2009 familia iliinunua tena. Muhogo ulitoka Brazili kuja Afrika kwa merikebu za Wareno. Ningependa sana kuona friza za Mtwara na Kilifi zikiwa na kimkate cha jibini na muhogo chetu wenyewe, kwa kuwa muhogo tunao na jibini tunayo.

Je, wajua kwamba nchini Georgia gharama za maisha hupimwa kwa mkate wa jibini? Taasisi ya uchumi ya ISET ya Tbilisi hukokotoa bei ya kuandaa khachapuri mmoja, yaani unga, jibini, hamira, maziwa, mayai, siagi na moto wa kuokea, kisha huilinganisha mwezi hadi mwezi.

Je, wajua kwamba unga mbichi wa ngano unaweza kukuumiza hata kama haukutiwa yai? Ngano hutoka shambani na haipikwi kabla ya kusagwa. Mwaka 2016 Marekani ilipata mlipuko wa bakteria wa E. coli uliofungamanishwa na unga, na watu 63 katika majimbo 24 waliugua. Bakteria kwenye unga mkavu hawazaliani, ila hawafi. Ukiwapa maji wanaamka. Mtoto anayeomba kuonja donge la unga ambao haujaokwa apewe kipande cha jibini badala yake.

Na kuhusu vilivyobaki jana: microwave huyatikisa maji yaliyomo ndani, yakatoka yakiwa mvuke na kuingia kwenye ganda lililokuwa kavu, likalegea. Rudisha vitafunio kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika tano hadi nane, au uvipange kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo, bila kufunika.